Smuthi ya Uvuguvugu

Kama una baba mkaidi na blenda mbovu, na kipupwe kimeshaingia, nakupa pole mapema. Mimi nilikuwa navyo vyote hivyo kwa mpigo, na shangazi juu yake.

Baba yangu ni mwashi. Nusu ya kuta za mtaa wetu amezisimamisha yeye, na nusu iliyobaki hupita akizitazama kwa huruma kwa sababu hazikunyooka. Miezi ya baridi ilipoanza tu, kiharusi kilimwangusha asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Kikamwachia mkono wa kushoto na macho yake yale yale ya kukagua. Tena kikamharibia koo. Chakula cha kutafuna kikawa hakipiti, na maji, haya maji matupu ambayo hata kifaranga anakunywa, ndiyo yakawa hatari kuliko vyote, kwa sababu yaliteleza na kuingia njia ya hewa.

Pale kliniki tulipewa muuguzi wa mambo ya kumeza. Nyuma yake tulimwita Sista Kijiko, kwa kuwa somo lake lote lilikuwa la kijiko. Mbele yake tulimwita Sista tu, maana hakuwa mtu wa kutaniwa. Alichota kinywaji kizito, akainua kijiko, akakiinamisha mbele ya macho yetu.

"Kikimwagika kama maji, usimpe. Kikiganda hapa kama udongo, usimpe. Nataka kianguke kwa uvivu. Mmeelewa uvivu?"

"Huo naujua vizuri, Sista," kaka yangu alisema.

Sista hakucheka. Alisema angempima Baba uzito tukirudi baada ya mwezi. Akikuta amezidi kupungua, itabidi awekewe mpira wa kulishia, upite puani mpaka tumboni. Baba alitikisa kichwa kwa nguvu hadi kofia ikamwanguka. Sista akaiokota, akamvalisha, kisha akatugeukia sisi.

"Na awe anataka mwenyewe. Mgonjwa asiyetaka kula, hata nikiwapa mwezi mwingine tutakuwa tunadanganyana."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani, na hayakunitoka. Ndiyo maana nikaanza smuthi. Blenda nilikuwa nayo, zawadi ya harusi iliyodumu kuliko ndoa yenyewe. Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo nilikishikilia kwa kiganja kila nikiiwasha, na ilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mimi hushona mapazia, na cherehani yangu ipo sebuleni, hatua chache kutoka mlango wa chumba cha Baba. Kwa hiyo kazi ya kumlisha ikawa yangu bila mtu kuniuliza.

Watu wanadhani smuthi ni kutupa matunda ndani na kubonyeza kitufe. Labda wakati wa joto. Kipupwe kikiingia, embe hakuna, papai ni chapwa kama karatasi, na ndizi zinagoma kuiva. Nilizifunga ndizi zangu kwenye mabaki ya vitambaa vya mapazia, nikaziweka karibu na jiko, na kila asubuhi nikazifunua kuzitazama kama mwana mchanga. Nilitia shayiri iliyochemshwa ikalainika, karanga zilizosagwa, karoti, parachichi, mtindi, na tangawizi kidogo ya kumpasha kifua. Siku moja nilitia bitiruti kwa sababu niliambiwa inaongeza damu. Baba alikohoa, kitambaa nilichomfunga shingoni kikawa chekundu, nami nikapiga ukelele wa kumwamsha maiti kabla sijakumbuka nilichopika. Bitiruti haikuingia tena katika nyumba ile.

Halafu kulikuwa na Shangazi. Ni dada mkubwa wa Baba, muuza nafaka sokoni, na kila asubuhi alipitia kwetu kabla ya kufungua genge lake, amejitanda khanga mbili na koti la mwanamume juu. Siku ya kwanza alitia kidole kwenye glasi, akakitoa kama aliyeungua.

"Baridi! Kitu cha baridi kifuani mwa mgonjwa, kipupwe chote hiki? Mwanangu, unataka kumzika ndugu yangu?"

"Shangazi, smuthi hunywewa hivyo."

"Hunywewa na nani? Na watu wazima wenye mapafu yao. Pasha moto."

Mtu habishani na Shangazi, hukubali sasa au hukubali baadaye. Nikapasha. Mtindi ukakatika, ukawa mabonge na maji. Parachichi likatoka chungu. Nilimwaga, nikaanza upya, nikamwaga tena, huku Baba akinisubiri chumbani na njaa yake na mimi nikilia machozi ya hasira juu ya sufuria. Mwisho nikaipata njia yake. Shayiri na karoti huchemka peke yake. Zikishaipuliwa na kupoa kidogo ndipo zinasagwa pamoja na ndizi, na parachichi na mtindi huingia mwishoni kabisa, mbali na moto. Hapo inatoka ya uvuguvugu, laini, na inaanguka kijikoni kwa uvivu uliotakiwa. Nilihifadhi iliyobaki kwenye chupa ya chai ili isipoe.

Usinione nazungumza mapishi ukadhani nilikuwa na raha. Nilikuwa na hofu ya kunyonga. Nilimkalisha Baba wima, nikamwinamisha kidevu kama tulivyofundishwa, nikampelekea kijiko, kisha nikakodolea macho kikoromeo chake mpaka kipande na kushuka. Nilimeza naye. Mkono huu huu unaopitisha uzi kwenye sindano bila miwani niliushikilia kwa mkono wa pili, kwa kuwa nilijua kwamba kijiko kimoja kikikosea njia, mtu atakayekuwa amemuua baba yangu ni mimi. Akikohoa tu nikiwa kwenye cherehani, nilidondosha mkasi na kukimbia. Pazia moja la mteja nililishona juu chini, na sikuligundua mpaka alipolitundika.

Lakini alikuwa anakula. Polepole, kwa kisirani, huku akinikagua, lakini alikula. Nikaanza kuthubutu kuwaza siku ya kupimwa.

Kisha ikaja siku nilipotakiwa kwenda kutundika mapazia kwa mteja. Nilisaga smuthi, nikaipima kwa kijiko, nikaitia kwenye chupa, nikamwachia kaka.

"Mpe akiamka. Usimharakishe. Usiongee naye akiwa na kitu mdomoni."

"Mdogo wangu, mimi ni mwanawe pia," akanijibu. "Nenda kazini."

Niliporudi mlango ulikuwa wazi na baridi yote ya nje imeingia sebuleni. Kaka alikuwa amepiga goti kitandani kando ya Baba, anampiga mgongoni kwa kiganja. Midomo ya Baba ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Alikohoa, akakwama, akavuta pumzi yenye mlio kama mlango unaosugua sakafu, akakohoa tena, na kitu cha majimaji kikamtoka mdomoni na puani. Nilishika ukuta. Sijui nilisema nini. Nakumbuka tu kwamba pumzi yake ilirudi kidogo kidogo, na kaka akakaa chini sakafuni, mtu mzima mwenye ndevu, analia kwa sauti.

Glasi ilikuwa mezani. Niliinamisha kijiko, na kilichokuwamo kikamwagika kama chai.

"Umeitia nini?"

"Maji," kaka alisema. "Ya moto, mdogo wangu, si ya baridi. Ilikuwa imekaza, nikaizimua kidogo."

Kaka naye ni mwashi. Tangu yuko mdogo amemchanganyia Baba saruji, na mtu wa saruji akiona mchanganyiko unakaza mkono wake wenyewe unakwenda kwenye ndoo. Shayiri ikikaa hukaza, na hilo mimi sikumwambia kwa kuwa niliona kila mtu analijua. Nilitaka kumtukana. Nilimtazama pale sakafuni nikaona ameshajitukana vya kutosha, nikaenda kufunga mlango.

Tulimshika Baba kipaji cha uso asubuhi, mchana na jioni, tukisubiri homa ya mapafu. Homa haikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi: Baba alifunga mdomo. Nikimpelekea kijiko, alikitazama, akanitazama, akageuza uso dirishani. Nikimbembeleza sana alipokea viwili vitatu, kisha midomo ikafungwa tena kama mlango wa duka. Nilibadilisha kila kitu. Nilizidisha ndizi, nikapunguza tangawizi, nikatia asali, nikatia tende zilizolowekwa. Glasi zilirudi jikoni zikiwa zimejaa, nami nikazinywa mwenyewe nisitupe chakula, hadi ikafika mahali mimi ndiye ninayenenepa. Mashavu ya Baba yakabonyea na koti likaanza kumlegea mabegani.

"Amekata tamaa," Shangazi alisema jikoni, kwa sauti aliyoiona yeye ni ya chini na mtaa mzima uliisikia. "Ndugu yangu namjua. Akishasema basi, ni basi."

"Hajasema kitu, Shangazi. Hawezi kusema."

"Ndiyo nakwambia."

Nilikwenda kupiga magoti mbele ya kiti chake. Nilimuuliza, "Baba, hutaki tena?" Alinitazama. Mkono wa kushoto uliinuka kidogo, ukazunguka hewani, ukaanguka mapajani. Sikuelewa. Nilimwomba arudie, akafumba macho. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kile kimya cha baba yangu mimi kilinitia ubaridi hata tangawizi haiwezi kuutoa. Niliogopa mpira ule wa puani, ndiyo. Zaidi nilimwogopa yeye, kwamba yuko mle ndani ya macho yale, ametuaga zamani, na sisi tunahangaika kumlisha mtu aliyekwisha kuondoka.

Asubuhi ya kupimwa kulikuwa na ukungu hata ng'ambo ya barabara haionekani. Nililitoa koti zito la Baba nilipige pasi. Nikiwa nalo mkononi, macho yangu yakaenda kwenye kopo la vyuma vya mapazia. Ni vyuma vidogo vya duara, hushonewa ndani ya pindo la chini ili pazia lining'inie sawa lisipeperushwe na upepo. Pazia zito la ofisini hula vyuma vingi. Nilisimama nikilitazama lile kopo. Kisha nikakaa kwenye cherehani, nikafumua pindo la koti la baba yangu, nikalijaza, nikalishona tena kwa mshono mzuri kuliko ule wa kiwandani. Sijuti. Kama wizi ni huo, basi nilikuwa naiba siku chache tu za kumshawishi.

Kaka alisema atambeba Baba mwenyewe mpaka kwenye gari la kukodi. Shangazi alisema yeye ndiye atakayemfunga shuka kiunoni, kwa kuwa sisi watoto hatujui kufunga mtu asipate baridi. Mimi nilisaga smuthi, nikaipima, nikajaza chupa, nikaipakata njia nzima kama yai.

Kliniki wana mizani ya kiti. Mgonjwa huketi, na mshale husogea kwenye uso wa saa kubwa ukutani. Sista Kijiko alimweka Baba sawa, akarudi nyuma. Mshale ukaondoka. Ukapita pale ulipokuwa mara ya mwisho, nikashusha pumzi. Ukaendelea. Ukapita uzito aliokuwa nao kabla ya kuugua, na bado ukaendelea, nikaanza kuuombea usimame. Vyuma vyangu havikuwa na uzito huo. Niliwageukia wenzangu kwa mshangao, nikakuta kaka anakagua dari na Shangazi anatafuta kitu kwenye kibegi chake.

Sista alisoma mshale. Akamtazama Baba mashavu, akausoma tena.

"Hongera," alisema. "Mmemlisha nini, ng'ombe mzima?"

 Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la Baba, akatoa timazi, lile pande la shaba lenye ncha ambalo waashi huning'iniza kwenye kamba kujua kama ukuta umesimama wima. Aliliweka mezani. Kaka akajikuna shingo.

"Limesahaulika humo, Sista. Mzee na kazi yake."

"Amesahau mkono upi, huu usiofanya kazi?"

Akafungua shuka la kiunoni. Ndani ya mkunjo mlikuwa na jiwe la mizani la chuma, lile la Shangazi la kupimia maharage. Sista alilinyanyua kwa mikono miwili.

"Hilo ni halali, mwanangu," Shangazi akasema haraka. "Limepigwa muhuri wa serikali. Sijawahi kumpunja mteja."

"Leo umempunja nani, mama?"

Shangazi akafunga kibegi chake. Nilijua zamu yangu imefika. Sista alipomvua Baba koti na kulitundika kwenye kiti, pindo liligonga chuma cha kiti na kulia ngwa, nikasema kabla sijaulizwa kwamba hivyo ni vyangu. Uso uliniwaka moto. Kila mmoja wetu alikuwa amekuja na uongo wake akidhani yuko peke yake, na sasa ulikuwa mezani wote, umepangwa kama vyombo vya kuuzwa.

Nilidhani angetufukuza. Alivuta kiti akaketi mbele yetu, akazungumza taratibu, na hapo ndipo niliogopa kweli.

"Njia ya mwongo ni fupi, hilo mnalijua, sitawahubiria. Nimeona mnavyotaka ale. Nyinyi watatu mnataka, hata mko tayari kubeba chuma. Lakini koo si lenu. Nikiwaandikia muda mwingine kwa sababu mnampenda, nitamuua kwa njaa. Nauliza habari ya huyu. Yeye anataka?"

Nilifungua mdomo niseme anataka.  Kisha nikakumbuka glasi zilizorudi, uso uliogeuzwa dirishani, mkono ulioanguka. Kaka alianza kusema kitu akaishia njiani. Shangazi alikuwa anafuta macho kwa pembe ya khanga.  Sista alisogeza faili lake karibu akafungua kalamu.

"Basi tumpime upya, tujue ukweli. Mvueni na viatu, maana siwaamini tena."

Nilipiga magoti. Kiatu cha kushoto kilitoka vizuri. Cha kulia, cha ule mguu uliokufa, kilikuwa kimebana, nikakivuta kwa nguvu. Soksi ilikuwa imevimba kwenye kifundo. Moyo ukanipasuka, nikajua mguu umejaa maji. Nikaishusha ile soksi, na kufuli kubwa la chuma likaanguka sakafuni kwa kishindo kilichomfanya mtu wa chumba cha pili aulize kuna nini.

Lilikuwa kufuli la sanduku la zana la Baba. Niliwatazama wenzangu kwa hasira.

"Nani tena?"

"Si mimi," kaka alisema.

"Mimi nililitoa wapi?" Shangazi akasema. "Mimi nilikuwa kiunoni."

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa anadanganya, na watu tuliokwisha kuumbuka kiasi kile hatukuwa na sababu ya kudanganya tena. Sanduku hilo huwa chini ya kitanda cha Baba, mbali kule ukutani. Ili kulifikia mtu angepaswa kuinama kutoka kitandani mpaka kichwa kiguse sakafu, alivute kwa mkono mmoja, alifungue kwa mkono huo huo, kisha aunyanyue mguu usiosikia na kulisokomeza kufuli kwenye soksi.

Sista Kijiko aliokota kufuli, akalipima kiganjani.

"Hili ni la nani?" aliuliza.

Baba aliinua mkono wake wa kushoto. Aliuinua juu kabisa, wima, kama mtoto darasani anayelijua jibu na anaogopa mwalimu atamruka.

Kaka aliangua kicheko kilichogeuka kilio. Mimi nililia bila kupitia kwenye kicheko.  Sista alimrudisha Baba kwenye mizani, akiwa na shati na suruali tu, na mshale ukashuka, ukapita alama ya mara iliyopita, ukasimama chini yake.

"Amepungua," alisema. Akaitazama kalamu yake, akaifunika. "Hiyo chupa mliyoipakata ina nini?"

"Smuthi, Sista. Ya uvuguvugu."

"Nataka nione anavyomeza."

Nilimimina. Niliinamisha kijiko mbele ya Sista, smuthi ikaanguka kwa uvivu wake wote, naye akaitikia kwa kichwa. Nilichota tena nikaanza safari ya kuelekea kwa Baba. Kijiko kilikuwa bado kiko katikati ya njia alipofungua mdomo.